Kaye ya Patroni: Kulipa na Kupima Wafanyakazi Butembo na Beni

Karibu kila butiki ya Butembo ina kaye moja, yaani daftari, nyuma ya kaunta. Fungua ukurasa wowote utakuta mambo haya yamepangana: Kambale, dola 20. Kambale, dawa ya mtoto. Kambale, mfuko wa mchele. Kambale, katoni ya sabuni imepotea. Mwisho wa mwezi patroni anaupitia ukurasa huo, anapiga hesabu kichwani, anampa Kambale kilichobaki, na kila mmoja anarudi nyumbani akiamini kwamba mwenzake amemwibia.

Zile dola 20 zilikuwa avansi au rambirambi ya matanga? Dawa ilikuwa msaada au mkopo? Mchele ulikuwa wa Noeli, au ulikuwa sehemu ya mshahara? Nimehesabu mishahara ya watu wengine kwa miaka, ya butiki, ya depo za kakao, hata ya kituo cha afya, na ugomvi mwingi niliouona haukuletwa na udogo wa pesa. Uliletwa na ukurasa wa namna hiyo. Kwa hiyo kabla hujafikiria kupandisha au kupunguza kitu, gawa ukurasa. Kila mfanyakazi awe na kurasa nne: mshahara, marupurupu, deni, na kazi yenyewe. Kinachoandikwa pamoja kwenye ukurasa mmoja kitasomwa pamoja siku ya hasira.

Anza na jina

Utacheka, lakini hapa ndipo pesa hupotea. Sisi Wanande tunapeana majina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Nyumba ya biashara yenye wafanyakazi 12 inaweza kuwa na Kakule watatu. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma mshahara wa Kakule mmoja kwenye M-Pesa ya Kakule mwingine, na nilipogundua, pesa ilikuwa imeshageuka unga na karo.

Andika majina yote kama yalivyo kwenye kadi ya uchaguzi, halafu mpe kila mtu namba. Namba ya simu peke yake haitoshi. Andika pia jina linalotokea kwenye skrini unapotuma, maana laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mke, la kaka, au la muuza vocha.

Ukurasa wa mshahara

Sheria inayokuhusu ni Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Si lazima uisome yote. Kuna mambo machache tu ambayo wenye butiki na depo hujikwaa nayo kila siku.

La kwanza ni mkataba. Wengi wanaogopa kuuandika wakidhani karatasi itawafunga. Ni kinyume chake. Usipoandika, sheria inahesabu kwamba umemwajiri mtu huyo kwa muda usio na mwisho. Hata majaribio hayahesabiki bila maandishi; yakiandikwa, hayavuki mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, na miezi 6 kwa wengine. Mkataba wa muda maalumu hauvuki miaka 2. Na wewe mwenye depo unayeita vijana asubuhi kwa asubuhi kupakua magunia, sikia hili: kijana akishafanya siku 22 ndani ya miezi 2, ukimwita tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamwona ni mfanyakazi wa kudumu. Lile daftari la mahudhurio unaloliweka ili usiibiwe ndilo litakalosomwa mbele ya mkaguzi wa kazi.

La pili ni kima cha chini, SMIG. Kwa miaka kilikaa franka 7,075 kwa siku, tangu 2018. Mwaka 2025 kilipandishwa hadi 14,500, na kuanzia Januari 2026 ni 21,500 kwa kibarua wa kawaida. Zidisha kwa siku 26 za kazi, unapata franka 559,000 kwa mwezi. Najua unachosema moyoni: butiki yangu haiingizi hivyo. Inawezekana. Lakini ni afadhali uijue tofauti iliyopo na upange utaifikia lini, na labda kwa watu wangapi, kuliko kuijulia kwenye ofisi ya Inspection du travail siku msichana uliyemfukuza amekwenda kushtaki.

Tuchukue mtu anayelipwa franka 600,000. Kutoka hapo unakata asilimia 5 ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 30,000, ambayo ni sehemu yake. Wewe unaongeza kutoka mfukoni mwako asilimia 13, yaani 78,000: asilimia 5 kwa pensheni, 6.5 kwa posho za familia, 1.5 kwa ajali na magonjwa ya kazini. INPP, ya mafunzo ya kazi, inachukua asilimia 3 kama una wafanyakazi wasiozidi 50, yaani 18,000, na ONEM, ofisi ya ajira, inachukua kipande chake kidogo. Halafu kuna kodi ya mshahara inayokwenda DGI, ofisi ya kodi, inayokatwa kwake. Mfanyakazi aone namba zote hizi kwenye kikaratasi chake cha malipo, hata zile unazolipa wewe. Wengi hawajui kabisa kwamba patroni anaweka 78,000 kwa ajili yao, na patroni hajawahi kuwaambia. Unalipa, halafu hupati hata shukrani.

La tatu, saa. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Butiki yako inafunguliwa saa 1 asubuhi, inafungwa saa 11 jioni. Toa saa moja ya kula, zinabaki 9, ambazo ni halali. Lakini ukizidisha kwa siku 6 unapata 54. Hizo 9 za ziada zina bei: 6 za kwanza huongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na za siku ya mapumziko asilimia 100. Kwa mtu wetu wa franka 600,000, saa moja ni karibu franka 3,077, hivyo saa za ziada zinafika kama 38,800 kwa wiki. Wenye butiki wakiiona hesabu hiyo hunyamaza. Dawa ni rahisi: mpe kila mmoja siku moja ya kupumzika kwa zamu, juu ya Jumapili. Siku 5 za saa 9 ni 45 kamili. Walio watatu wanaweza kupokezana bila butiki kufungwa hata siku moja.

Franka au dola

Sheria inataka mshahara uandikwe kwa pesa halali ya nchi, lakini sote tunajua kwamba Butembo inafikiri kwa dola. Bidhaa zinatoka Dubai na China, zinapita Mombasa, zinaingia Kasindi, na kila hatua imeandikwa kwa dola. Wafanyakazi nao kwa muda mrefu walidai dola, wakisema franka inayeyuka mkononi.

Halafu ukaja mwaka 2025. Mwanzoni mwa mwaka dola moja ilikuwa kama franka 2,850. Kabla mwaka haujaisha ikawa chini ya 2,500. Aliyekuwa analipwa dola 200 alijikuta na franka pungufu kuliko Januari, wakati bei ya mihogo na mafuta sokoni haikushuka kwa kasi hiyo. Watu waliokuwa wakiomba dola kwa kelele wakaanza kuuliza taratibu kama haiwezekani kurudi kwenye franka.

Ushauri wangu: andika mshahara kwa franka, halafu weka sharti kwamba utaangaliwa upya mara mbili kwa mwaka, tuseme Januari na Julai, kwa kutazama bei ya unga, mafuta na kodi ya nyumba. Usibadilishe sarafu kila inapokufaa wewe. Patroni anayelipa kwa franka dola ikipanda, na kwa dola ikishuka, anaonekana na wafanyakazi wote, wala haendi mbali.

Na jambo dogo lenye uchungu mkubwa: noti. Dola iliyochanika kidogo pembeni hapa kwetu haipokelewi, au inapokelewa kwa kukatwa. Ukimpa mfanyakazi noti ambayo wewe mwenyewe ungemrudishia mteja, umempunguzia mshahara. Lipa kwa noti ambazo ungezipokea.

Siku ya kulipa isiwe fumbo. Sheria inakupa siku 6 baada ya mwezi kwisha. Chagua tarehe, itangaze, na ukichelewa useme kabla, si baada.

Marupurupu

Hapa ndipo patroni wa Butembo ni mkarimu kuliko anavyojua, na ukarimu wake unapotea kwa sababu haujaandikwa. Analipa hospitali, anatoa jeneza, anasaidia mahari, Noeli anagawa mchele na kitambaa. Kisha mwaka mmoja biashara ni mbaya, mchele hautoki, na watu wananuna kana kwamba wamenyimwa haki. Na kwa kweli, kitu kikitolewa miaka 5 mfululizo bila neno lolote, nani atawalaumu?

Tenganisha mafungu mawili. La kwanza ni yale ambayo sheria inakudai. Matibabu ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wake ni juu ya mwajiri. Akiugua na kushindwa kuja, anaendelea kupata theluthi mbili za malipo yake. Mama anayejifungua ana wiki 14, naye pia anapata theluthi mbili. Likizo ya mwaka ni angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi wa kazi, na inaongezeka siku 1 kwa kila miaka 5 ya utumishi. Haya si wema wako. Usiyaandike kama zawadi, wala usiyakate baadaye kama deni.

Kwa matibabu, fanya mkataba na kituo kimoja cha afya kilicho karibu, au jiunge na mutuelle ya afya. Mpe mfanyakazi kile kikaratasi tunachokiita bon, chenye jina la mgonjwa na sahihi yako, na faktura ije kwako mwisho wa mwezi. Ukimpa pesa mkononi saa ya homa, utatoa nyingi kwa anayejua kulia, na kidogo kwa mwenye haya.

Fungu la pili ni yale unayotoa kwa moyo. Toa, lakini siku ya kutoa useme kwa sauti: hii ni ya mwaka huu, kwa sababu tumeuza vizuri. Andika hivyo hivyo kwenye ukurasa.

Deni

Kanuni ninayowashauri wote: avansi moja kwa mwezi, isiyovuka theluthi ya mshahara, na wote wawili watie sahihi siku hiyo hiyo. Mwisho wa Agosti utavunja kanuni hii, maana shule zinafunguliwa Septemba na kila mzazi anahangaika. Basi ivunje kwa mpango: mkopo wa shule, unaorudishwa kwa miezi 4, wenye karatasi yake. Likelemba, mchango wa zamu wa wafanyakazi wenyewe, ni nzuri zaidi kuliko mkopo wako, mradi usiwe wewe mtunza pesa yake.

Sasa kuhusu upungufu wa kesi, yaani droo ya pesa. Katika butiki moja nilikokuwa nahesabu, kesi ya pesa ilikuwa inapungua kila wiki, mara franka 15,000, mara 40,000. Tukakata mshahara wa msichana wa kesi miezi mitatu mfululizo. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Alikuwa analia, anatia sahihi, anarudi kukaa. Mwezi wa nne nilikaa pale kutwa nzima kwa ajili ya kazi nyingine, nikaona mtoto wa patroni anakuja saa 6, anachukua dola kutoka kwenye droo, anaweka franka kwa kiwango cha jana, anaandika kwa kiwango cha leo. Hakuwa hata anaiba. Alikuwa anafanya hesabu vibaya. Pesa tulimrudishia yule msichana yote, lakini hakubaki. Alipata kazi kwingine baada ya wiki mbili, na sikumlaumu.

Tangu siku hiyo, kila kesi ninayoisimamia ina safu mbili, franka na dola, na kiwango cha siku kinaandikwa juu ya ukurasa asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Anayebadilisha pesa kutoka kwenye droo anaandika, hata akiwa ni mke wa patroni. Jioni wawili wanahesabu pamoja na kutia sahihi. Upungufu ambao haukusainiwa jioni ile haukatwi kwa mtu yeyote.

Kupima kazi

Twende Beni, kwenye kakao, maana hapo ndipo kosa la kupima linaonekana kwa macho. Mwenye depo anaajiri wanunuzi wanaokwenda kwa wakulima, anawaahidi komisheni kwa kila kilo. Baada ya wiki mbili depo imejaa. Patroni anafurahi. Halafu anaanika. Gunia lililopimwa kilo 70 likiwa na maji linashuka hadi 60 kwenye turubai, maana kakao ya kuuza inatakiwa iwe na unyevu wa kama asilimia 7 au 8 tu, na ndani yake kuna mbegu ambazo hazikuchacha vizuri. Mnunuzi hakukudanganya. Ulimlipa kwa kilo, amekuletea kilo.

Komisheni ihesabiwe baada ya kuanika, na sehemu yake itegemee ubora: kata mbegu mbele yake, muone pamoja rangi ya ndani na ukungu. Mwezi wa kwanza atalalamika. Wa pili ataanza mwenyewe kumwambia mkulima asubiri siku mbili za jua.

Ni vivyo hivyo kwa kazi nyingine. Muuzaji ukimpima kwa mauzo tu, atauza kwa mkopo hadi kwa jirani asiyelipa. Muuguzi ukimpima kwa idadi ya wagonjwa, atawapitisha mbio. Kabla ya kuweka lengo, jiulize mtu mwerevu na mvivu angelifikiaje. Kama njia hiyo inakuumiza, badilisha lengo.

Na kuna lengo ambalo katika nchi hii halina ruhusa ya kuwapo: lile linalomsukuma mtu barabarani. Tangu mauaji yalipoanza maeneo ya Beni Oktoba 2014, watu wamekufa kwenye barabara ya Mbau–Kamango, kwenye ile ya Kasindi, na mashambani. Kijana aliyeahidiwa primu kama atafikisha tani kabla ya Jumamosi atapanda pikipiki hata kama amesikia milio usiku. Andika kwenye karatasi ya malengo kwamba barabara ikifungwa, au kukiwa na onyo, lengo linapunguzwa na primu haipotei. Aliyerudi nyuma kwa sababu ya hatari asiulizwe kwa nini.

Ville morte nayo uiamulie mapema. Raia wakiamua kufunga mji siku tatu, usianze kubishana siku ya nne. Napendekeza wa mshahara wa mwezi walipwe kamili, na wa siku wapewe nusu au wafidie siku nyingine kwa makubaliano. Ukiweza kuwapa zaidi, wape.

Mara mbili kwa mwaka, kaa na kila mmoja nusu saa, mlango umefungwa, simu imezimwa. Soma ukurasa wake wa nne: tarehe, tukio, ulichomwambia. Si "mvivu" wala "mwenye kiburi". Andika "tarehe 9 alifika saa 3, mara ya tatu mwezi huu". Muulize pia ni kitu gani hapa kazini kinamchelewesha. Utasikia mambo ya ajabu, kama vile ufunguo wa depo unaotembea na shemeji yako.

Mtoto wa dada yako anayefanya kazi kwako awe na kurasa nne kama wengine, tena yeye wa kwanza. Ukitaka kumsaidia zaidi, msaidie kutoka mfukoni mwako, nyumbani. Wengine wanaona, na wanapunguza juhudi kadiri wanavyoona.

Anayekuacha kwa dola nyingi

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wauguzi, madereva na hata walimu wa Beni, Butembo na Katwa waliacha kazi zao kuingia Riposte, yaani kazi ya kupambana na ugonjwa huo, ambako primu ya siku chache ilizidi mshahara wao wa mwezi. Vituo vilibaki na watu wachache wakati ambao vilihitaji wengi. Walioamua kushindana na dola zile kwa kupandisha mishahara ya msingi walibaki na mzigo huo wageni walipoondoka.

Mashirika bado yanakuja na kuondoka. Mfanyakazi wako mzuri akipata mkataba wa miezi 6, mwache aende kwa amani, mwandikie cheti kizuri, mwambie mlango uko wazi. Kwa wanaobaki na kubeba kazi yake, toa primu yenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Mshahara wa msingi ukipanda hauteremki, hata ukiomba msamaha.

Kuachana

Wakati mwingine kurasa zenyewe zinakuambia mtu huyu aende. Sheria inataka sababu ya kweli: uwezo wake, mwenendo wake, au hali ya biashara. Notisi ni siku 14 za kazi, na unaongeza 7 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Kwa kosa zito, kama wizi, una siku 15 za kazi tangu ulipojua ili umwandikie barua. Zikipita, umekwisha kusamehe hata kama hukutaka. Mlipe likizo ambayo hakuichukua na mpe cheti cha kazi. Butembo si kubwa hivyo. Mwezi ujao mtakutana kanisani au kwenye matanga.

Mshahara wa mwezi huu unatakiwa uwe umetoka kabla ya siku 6 za mwezi ujao kwisha, na matamko ya CNSS na DGI kabla ya tarehe 15. Nunua kaye mpya kesho asubuhi, andika jina la kwanza, na uanze na deni: mwite mtu huyo, mkubaliane imebaki ngapi, mtie sahihi wote wawili.